Masale Manne ya Mama Aika

Kuna neno moja la Kizungu ambalo ningekuwa na cheo ningelipiga marufuku kuanzia sokoni Kiboriloni mpaka juu kabisa msituni, hata nyani wasiruhusiwe kulitamka. Neno lenyewe ni sori.

Najua mtaniambia, mama, sori ina ubaya gani, si neno la adabu hilo? Subirini kwanza. Mtu anakukanyaga sokoni kwa buti la matope, hata hajageuka: sori. Unafuata karatasi yako ofisini kwa mara ya tatu, binti wa dirishani macho yako kwenye simu: sori mama, mtandao hakuna, uje Jumatatu. Bodaboda anakumwagia tenga zima la nyanya, anainua mkono mmoja, wa pili haujatoka kwenye mafuta: sori. Huyoo, ameshafika kona. Nyanya ziko chini na wewe umeinama katikati ya barabara unaokota. Binti yangu Evelyn, niliyemsomesha mwenyewe, akiangusha sahani anasema sori kabla sahani haijafika sakafuni.

Sisi tuna maneno yetu. Mtu akijikwaa unamwambia pole, japo jiwe hukuliweka wewe. Ukimkosea unamwambia nisamehe, na hilo lina uzito wake. Linakwama kooni. Linakulazimisha umtazame mtu usoni na utaje ulichofanya. Sori haikwami popote, inateleza tu kama kamasi. Ndiyo maana wameipenda.

Sasa niwape habari za wifi yangu Mektrida, mjue hasira hii nimeitoa wapi.

Mektrida ni mke wa marehemu kaka yangu mkubwa, Filemon. Kwetu ni Uru. Alipoolewa nilikuwa naanza shule, na nakumbuka siku aliyoingia uani: binti wa miaka kumi na tisa kutoka Kilema, mrefu, mkimya, viganja vipana kama vya mwanaume. Mama yangu aliitazama ile mikono akasema, "Huyu atafaa." Basi. Sikuwahi kumsikia akimsifu tena mpaka anaingia kaburini.

Mwaka uliofuata Mektrida akazaa mtoto wa kike, wakamwita Aika, ambalo kwa Kichagga ni asante. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyemwita Mektrida tena. Akawa Mama Aika, na ndilo jina lake mpaka leo, uwe unanunua ndizi kwake au unampa amani ya Bwana kanisani.

Aika aliishi mwaka mmoja na miezi miwili. Ilikuwa homa ya siku tatu, wakati wa masika, njia zote tope. Walimzika kihambani, yaani shamba letu la nyumbani lenye migomba na kahawa, upande wa chini karibu na mfongo unaoleta maji kutoka mlimani. Hapakuwekwa saruji wala msalaba wa chuma. Mtoto mdogo, hali ngumu, ikabaki tuta la udongo.

Mektrida akachanganyikiwa kwa uchungu. Siku ya nne, mbele ya majirani wote, alimnyooshea mama yangu kidole akasema, "Wewe ndiye uliyempa mwanangu uji uliolala." Mektrida akafunga nguo zake kwenye kitenge akarudi kwao Kilema, na sisi tukajua ndiyo basi tena.

Alikaa huko wiki saba. Siku ya kurudi alitoka Kilema alfajiri kwa miguu, akivuka mabonde ya Kirua na Old Moshi, mkononi ameshika sale. Kwa asiyelijua, sale ni ule mmea wenye majani marefu ya kijani tunaoupanda kwenye mipaka na makaburini. Ukimkosea mtu kosa kubwa unalichukua, unalipeleka kwake mwenyewe, kwa mkono wako, na unasema ulilokosa. Ukishaletewa sale huna ruhusa ya kukataa. Ukikataa, kosa linahamia kwako.

Alifika saa nane mchana akasimama mlangoni. Mama alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Alimpita mara ya kwanza na mzigo. Alimpita mara ya pili. Nilikuwa na miaka kumi na nilimwonea huruma, nikaenda kuchukua kigoda nimpelekee.

"Kirudishe," mama akaniambia. "Alinisema amesimama. Na aombe amesimama."

Mpaka ng'ombe wakashiba, jua likawa linaegemea, Mektrida yuko palepale, miguu imevimba, na lile sale mbele yake. Ndipo mama akanawa mikono, akamfuata. Mektrida akasema kwa sauti ya kusikika na jirani, "Mama, nilikusingizia. Hukumpa uji uliolala. Nilitafuta mtu wa kumlaumu nikakuona wewe. Nisamehe." Mama akalipokea sale. Hakulitupa, hakuliweka darini. Alimshika Mektrida mkono wakashuka wote mpaka kwenye lile tuta, na mama akalipanda kichwani kwa mtoto. Kesho yake wakaongeza mengine matatu, pembe nne zikatimia.

Hiyo ndiyo nisamehe ya kwetu. Ina miguu iliyovimba.

Miaka ikaenda. Mektrida akazaa wengine, akawalea, akasukuma maisha kwa kahawa mpaka bei ikamchosha, akahamia kwenye ndizi. Kila siku ya soko anashuka Kiboriloni na tenga lake la mishare na ndizi ng'ombe, ananikuta mimi na mitumba yangu ya watoto, maana niliolewa Shirimatunda na biashara yangu iko hapohapo sokoni. Tumekaa jirani sokoni miaka ishirini na mbili. Hapigi kelele za kuita wateja. Ukimuuliza bei anaitaja mara moja, ukileta maneno mengi anaangalia pembeni kama hukuzaliwa.

Ila alikuwa na desturi moja. Kila asubuhi ya soko, kabla ya kushuka, anapita kwenye masale manne, anatua tenga, anang'oa magugu mawili matatu, anajitwika, anakwenda. Haongei wala hapigi magoti. Kiangazi huwa anayafungulia maji kidogo ya mfongo. Miaka arobaini hivyo. Yalikuwa yamenenepa yale masale, mashina kama mkono wa mtu.

Baba yetu alikuwa ameugawa ule mji wa kihamba kwa vijana wake wawili, upande huu Filemon, upande ule Eliakim, na masale mengine kwa mstari ndiyo mpaka. Eliakim akiwa hai alilijua kaburi la mtoto. Hata akilima upande wake alikuwa anapitisha jembe taratibu pale karibu. Lakini Eliakim alikufa, na mwanawe Valerian amekulia Dar es Salaam, ana kazi ya ofisi ya baridi, na kihamba anakijua kama mnavyojua ninyi hoteli: kwa kwenda Krismasi na kuondoka mwaka mpya.

Mwaka jana Valerian akaamua kujenga kwenye eneo la baba yake. Sawa, jenga, nani alikukataza? Nyumba ikapanda, madirisha kama ya benki, na padri akapangwa kuja kuibariki siku ya pili ya Krismasi. Kumbe gari la Valerian nalo linataka kufika mpaka barazani, miguu yake isiguse udongo uliomlea baba yake. Akampigia simu fundi mkuu wake, kijana anaitwa Godwin, mtu wa mkoa wa mbali, akamwambia achonge njia ya gari kupitia chini karibu na mfongo, "palipo wazi wazi." Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, siku ya soko. Mimi na Mektrida tuko Kiboriloni tunauza.

Nilikuwa nimeachana naye saa tisa. Saa kumi na moja simu ikaita.

"Wifi, njoo."

"Kuna nini?"

"Njoo."

Mektrida hapigi simu ovyo. Nilirundika nguo kwenye kiroba nikapanda bodaboda mpaka Uru.

Nilimkuta amesimama pembeni ya mfongo, tenga tupu bado liko kichwani. Mbele yake hapakuwa na masale wala mpaka. Palikuwa na njia pana ya kifusi chekundu, imesawazishwa vizuri, na katapila la njano limeegeshwa linapumua moshi. Mfongo wenyewe umesogezwa na kupitishwa kwenye bomba. Masale yote, ya mpaka na ya kaburi, yametupwa lundo moja kando ya mgomba, mizizi juu.

Godwin akaja anafuta mikono. "Sori mama," akasema. "Sikujua kama ni kitu. Nilijua ni magugu tu."

"Magugu?" nikamwambia. "Umewahi kuona magugu yamejipanga foleni? Kwenu magugu yanapanga foleni?"

"Sori mama, bosi ndiye aliyesema..."

"Sema sori tena uone kama hilo koleo halijalala mgongoni kwako!"

Akarudi nyuma. Yule kijana nilimwonea huruma baadaye, maana kweli alikuwa mgeni. Lakini mwenyeji wake hakuwa mgeni. Nikampigia Valerian, nikaweka sauti ya nje ili Mektrida asikie.

"Shikamoo shangazi! Niko kikaoni, nakupigia..."

"Kikao kitasubiri. Umemng'oa mtoto wa mama yako mkubwa."

"Nimemng'oa nani?"

Nikamweleza. Masale manne, pembe nne, tuta katikati. Nikasikia anavuta pumzi. Halafu nini? "Oh. Sori. Sori sana jamani, sikuwa na taarifa. Basi nitawaambia vijana wapande maua pale pembeni, yale ya kisasa, papendeze." Akakata simu. Dakika tano hazijapita ujumbe ukaingia kwenye simu ya Mektrida, akanipa nimsomee kwa sababu macho yake hayafikii: *Sori Mama Aika.* Mwishoni vile vikono viwili vya kwenye simu vimeunganishwa kama vinasali.

Hapo ndipo damu iliponichemka. Nikampigia tena.

"Valerian. Umeandika Mama Aika."

"Ndiyo shangazi."

"Aika ni nani?"

"Si... mtoto wake? Yule anayekaa nje? Ulaya?"

Miaka thelathini na nne kijana huyu amemwita mama yake mkubwa kwa jina la mtoto, na hajawahi kuuliza mtoto mwenyewe yuko wapi.

"Yuko nje kweli," nikamwambia. "Yuko nje, chini ya barabara yako."

Halafu akasema. Nawaapia alisema. "Shangazi... sori."

Nilitaka kuirusha simu mfongoni. Mektrida akanishika mkono. Alikuwa ametua tenga, lakini si chini. Amelikumbatia kifuani kama mtu aliyekosa mahali pa kuliweka.

"Usimgombeze," akasema. "Bado hajaniomba."

Siku zilizofuata tulijaribu kupatafuta. Tulianzia mfongoni tukahesabu hatua, lakini mfongo wenyewe si uleule. Tulianzia kwenye mgomba wa mlali, kumbe uliokuwepo ulishakatwa na huu ni mtoto wake. Mimi nasema hapa, yeye anasema hapana, huku. Mara anasema pote, mara hapasemi kabisa. Katapila halikuchimba chini sana, kwa hiyo mtoto yupo palepale alipolazwa, ila ni wapi kwenye hatua thelathini za kifusi? Kila asubuhi ya soko Mektrida alishuka na tenga akasimama ukingoni mwa barabara ya Valerian, akaangalia chini, akasogea mbele, akarudi nyuma, akaondoka bila kulitua. Mwanamke aliyejua mahali pa mwanawe kwa miaka arobaini, sasa anaogopa kukanyaga kwa sababu hajui anakanyaga nini. Huo ndio uharibifu. Ingekuwa masale tu nisingejali, masale yanaota popote.

Valerian akaanza kutuma vitu. Kwanza mfuko wa mchele. Kisha kitenge cha kisasa kwenye boksi. Kila kitu na ujumbe wake, na kila ujumbe na sori yake, na vikono. Mektrida aliuweka mchele stoo bila kuufungua. Kitenge sijui kilikokwenda.

Desemba ikafika, watu wakaanza kupanda kutoka Dar na Arusha na kwingineko kama kawaida yetu, magari yamejaa, mbuzi wanalia. Na ukoo ukaanza kuuliza. Kwetu nyumba mpya haifunguliwi bila mama mkubwa wa nyumba kukaa pale mbele, kuonja pombe ya kwanza ya mbege. Sasa wakawa wananipigia mimi.

"Mama Aika atakuwepo siku ya pili ya Krismasi?"

"Hajaletewa sale."

"Ahaa." Na wanakata. Hakuna aliyegoma wala kutoa tangazo. Huyu akapata safari ya Kahe kwa wakwe. Yule mtoto wake akaugua. Hata mtengeneza mbege akasema ulezi wake haujaota vizuri. Kwenye kundi la simu la ukoo Valerian akiandika karibuni sana ndugu zangu, panakuwa kimya kama kanisani Ijumaa Kuu.

Tarehe ishirini na mbili akanipigia mwenyewe, yuko njiani.

"Shangazi, naomba uniambie ukweli. Nimesema sori mara ngapi? Nimetuma mchele. Nimetuma kitenge. Mnataka nini tena?"

"Sale."

"Shangazi, hayo si ni mambo ya zamani? Mimi ni mtu wa kanisa."

"Na mimi ni wa kanisa, na jumuiya sikosi. Padri wako hakukwambia ukimkosea mtu ukapatane naye kwanza ndipo uje na sadaka? Au siku hiyo ulikuwa kikaoni?"

"Lakini sikukusudia!"

"Nani amesema ulikusudia? Ungekusudia tungekupeleka polisi. Umekosea, nenda kaseme umekosea nini. Kwa mdomo. Kwa miguu. Usimpe mtu akupelekee, na hiyo sori yako iache Dar."

Mchana wa mkesha wa Krismasi nilikuwa uani kwa Mektrida tunamenya ndizi za kupikia machalari, mikono imejaa utomvu. Evelyn yuko jikoni. Tukaona mtu anapanda kutoka barabara ya chini kwa miguu. Valerian. Suruali ya dukani, viatu vyeupe, na begani amebeba shina zima la sale, refu, na mizizi yake inaning'inia, kama mtu anayetoka kununua muwa. Watu huleta jani, au kichwa chake na kipande cha shina. Huyu kabeba mti. Evelyn alichungulia akaficha uso kwenye mlango.

"Shikamoo mama mkubwa. Shikamoo shangazi."

"Marahaba," Mektrida akaitikia. Kisu hakikusimama.

Valerian akalishusha shina, akalishika kwa mikono miwili. "Mama mkubwa, so..." Nikamkazia macho. Akalimeza. "Mama mkubwa. Nimekosa. Nilitaka njia ya gari, sikuuliza mtu, nikamharibia mtoto wako mahali pake. Nakuita kwa jina lake kila siku na sikumjua. Nisamehe."

Ilitoka vizuri kuliko nilivyotegemea, lazima niseme. Mpaka Mektrida alipoinuka, akafuta mikono kwenye kanga, akalisogelea lile shina. Akapitisha kidole gumba kwenye kovu refu lililochubuka kwenye gome. Alama ya jino la katapila.

"Umelitoa wapi?"

"Pale... kwenye lile lundo, karibu na mfongo. Nilitafuta sehemu nyingine sikuona."

Nilirusha kisu. "Mungu wangu! Umemng'olea mtoto sale lake kichwani, halafu unakuja kumwombea mama yake msamaha na hilohilo? Huna hata haya ya kuomba kwa jirani? Uru nzima imeisha masale?"

"Shangazi, sikujua..."

"Hujui! Hujui! Kuna siku utajua kitu wewe?"

"Nyamaza, wifi," Mektrida akasema.

Akarudi kwenye kigoda chake akaendelea kumenya ndizi. Valerian akabaki amesimama na shina mkononi. Akanitazama mimi, nikatazama sufuria. Evelyn, kwa huruma ya watoto wa siku hizi, akatoka na kiti cha plastiki.

"Kirudishe," nikamwambia. Na nilipolisema nikasikia sauti ya mama yangu.

Alisimama. Tukamaliza mkungu wa kwanza. Tukakata nyama. Mektrida akabandika sufuria, akaongeza kuni, akapuliza. Jasho likamshuka Valerian mpaka kwenye kola. Simu yake ikaita mfukoni mara tatu, hakuigusa. Ng'ombe wakaanza kulia wanataka majani, Mektrida akaenda akawapa, akampita hivi karibu, akarudi, akampita tena. Hapo ndipo nilipoelewa anachofanya, na nikaacha kuhema kwa hasira kwa muda kidogo.

Jua lilipokuwa limeegemea migomba akanawa mikono, akalipokea sale.

"Nimepokea," akasema. "Ukiletewa huruhusiwi kukataa. Wewe hukulijua hilo, mimi nalijua." Halafu akamrudishia palepale mkononi. "Sasa lirudishe ulikolitoa. Si kwenye lundo. Alipolala."

"Mama mkubwa, hata mimi sijui ni wapi."

"Basi patafute."

Akasimama anafikiri, na ghafla akatoa simu yake. Alitafuta nyuma, akarudisha, akarudisha. Kumbe Godwin alikuwa amempigia picha eneo zima kabla ya kazi, ili bosi achague njia akiwa kwenye kiti chake. Ikatokea picha moja: ule mti mkubwa wa mringaringa ambao bado upo, jiwe jeupe la kona ya Filemon ambalo bado lipo, na katikati, manene, ya kijani, masale manne. Alikuwa nayo muda wote mfukoni. Aliitazama mwezi wa kumi na moja akaona palipo wazi wazi.

Mektrida aliishika ile simu kwa mikono miwili. Macho hayaoni vizuri, lakini yale aliyaona.

Tukashuka. Godwin akaitwa na kamba ya kupimia, akapima kutoka mringaringa, akapima kutoka jiwe, akachora msalaba kwenye kifusi. Palikuwa katikati kabisa ya njia, hatua kumi kutoka kwenye lango jipya.

Valerian akapatazama. Akalitazama lango. "Mama mkubwa," akasema polepole, "gari litapita wapi?"

"Mimi sijui gari," Mektrida akasema. "Najua mtoto."

Godwin akashika koleo. Nikamnyang'anya nikampa Valerian. Alichimba na ile suruali ya dukani, kifusi kigumu kama saruji, viganja laini vikatoka malengelenge, na Mektrida akawa anamwelekeza, usiende chini zaidi, hapo, basi, inatosha. Likapandwa moja kichwani. Mengine matatu ya kaburi kwenye lundo yalikuwa yamekauka moyo, ikabidi Valerian aende kwa jirani aombe mapya. Aliomba mwenyewe. Niliwasikia wakimuuliza ya nini, na yeye akijibu.

Siku ya pili ya Krismasi gari lake lililala chini barabarani, karibu na duka la chumvi, na watu wote waliosafiri kuja kufungua nyumba walipanda kwa miguu kupita kwenye njia ile pana isiyopitika tena kwa gari. Walikuja, ndiyo, maana Mektrida alikuja. Na kila aliyefika pale katikati akauliza, jamani mbona masale yako njiani, alijibiwa na Valerian mwenyewe, mlangoni pake, na suti yake: "Hapo amelala dada yangu Aika. Niliharibu mahali pake, nimerudishia." Mjomba fulani akauliza mara mbili kwa makusudi. Na mimi nikamrudisha mwingine aliyeingia bila kuuliza.

Kama mnadhani nimetulia, sijatulia. Lile shina lenye kovu limeshika, limetoa jani jipya. Moja kati ya yale matatu limekufa na inabidi lipandwe tena, na nimemwambia Valerian alifuate mwenyewe Pasaka, asitume mtu.

Juzi siku ya soko nililala Uru, nikaamka na Mektrida. Alijitwika tenga, tukashuka mpaka kwenye kifusi. Akasimama kidogo. Kisha akalitua, akang'oa gugu moja lililokuwa limeanza kujitokeza kando ya lile shina lenye kovu, akalirusha pembeni.

"Haya," akasema, "nitwike, tumechelewa."